Arudiye Mkono Mtupu

Wazee walisema ya kwamba mkono mtupu haulambwi. Mithali hii yajulikana na kila mtu, na maana yake si ngumu: asiye na kitu cha kutoa hapati wa kumkaribia. Wazee walipoinena walikuwa wakieleza tabia ya dunia jinsi walivyoiona. Lakini siku hizi watu wengi huitumia kana kwamba ni amri tuliyopewa kuishika. Katika makala haya twataka kuipima mithali hiyo kwa habari ya jambo moja lionekanalo kila mwaka katika vijiji vya Shinyanga na Geita, yaani habari ya mtu aliyekwenda mbali kutafuta mali, asiipate. Swali letu ni hili: Je, mtu huyo ana haki ya kurudi kwao? Na akirudi hana kitu mkononi, je, amerudi kweli?

Huenda msomaji akasema ya kuwa swali hili ni jepesi, maana kila mtu atajibu upesi, "Naam, kwao ni kwao." Lakini midomo hujibu hivi, na matendo hujibu vingine. Basi na tuyatazame matendo.

Safari si jambo jipya katika nchi hii. Kabla ya reli, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi mashuhuri, waliochukua pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga. Kijana asiyeiona pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga, safari ikawa nyepesi, na vijana wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani huko Tanga. Mwaka 1940 Daktari Williamson alivumbua almasi pale Mwadui, na hapo kazi ikasogea karibu. Geita nako dhahabu ilichimbwa tangu wakati wa Waingereza. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa siku hizi ukaanza mwaka 2000. Mwaka uliofuata ulifunguliwa ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama.

Lakini vijana walio wengi hawaandikwi kazi katika migodi mikubwa. Wao huingia machimbo madogo, wakashuka katika maduara kwa kamba na kwa ngazi za miti. Humo hakuna mshahara wa mwezi. Mwenye eneo hupata fungu lake, mwenye duara lake, na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe iliyobaki. Mawe hayo yakisagwa na kuoshwa huweza kutoa dhahabu, tena huweza kutoa vumbi tupu. Watu wawili huweza kuchimba katika duara moja kwa bidii ile ile miezi mitatu, mmoja akapata fedha za kununua ng'ombe watano, na mwenziwe asipate nauli ya basi. Jambo hili tulishike sana, kwa kuwa hukumu yetu juu ya arudiye mkono mtupu itasimama juu yake.

Sasa tuitazame desturi yenyewe ya zawadi. Msafiri akirudi hutazamiwa kuleta kitu: mama apate kitenge, baba blanketi au koti, watoto biskuti, na jirani walau sukari kidogo. Sisi hatusemi ya kuwa desturi hii ni mbaya. Asili yake ni njema. Maana kitenge kile humwambia mama ya kuwa mwanawe, alipokuwa sokoni mbali, akizungukwa na watu asiowajua, alisimama akamkumbuka. Kitu ni kidogo. Ukumbusho ni mkubwa. Ndiyo maana mama mwingine huikunja nguo hiyo na kuiweka sandukuni miaka mingi asiivae. Kilichomfurahisha hakikuwa nguo.

Wala desturi hii si yetu peke yetu. Mbali sana, katika bahari ya mashariki ya Asia, iko nchi ya Ufilipino, yenye visiwa zaidi ya 7,000. Watu wake wengi ni Wakristo, kwa kuwa Wahispania waliupeleka Ukristo huko tangu mwaka 1521. Nao ni watu wa safari kuliko sisi. Tangu sheria yao ya kazi ya mwaka 1974, serikali yao yenyewe imekuwa ikisimamia safari za raia wake kwenda kufanya kazi ng'ambo, na katika hesabu ya mwaka 2023 walioko kazini nchi za nje walikuwa zaidi ya milioni mbili, na zaidi ya nusu yao ni wanawake. Wengine hutumika katika nyumba za watu huko Hong Kong na Uarabuni, wengine huuguza wagonjwa katika hospitali za mbali, na wengine ni mabaharia. Mama huwalea watoto wa watu wengine ili apate kulipa ada za shule za watoto wake mwenyewe, ambao hawaoni ila katika kioo cha simu.

Watu hao wana maneno mawili yatufaayo kuyajua. La kwanza ni pasalubong, ndilo jina la zawadi aletayo msafiri. Neno hili limetoka katika neno lao la kukutana, kana kwamba tungesema, "kitu cha kukutania." La pili ni utang na loob, ambalo maana yake ni deni la ndani ya nafsi, yaani deni la fadhili, lisiloandikwa karatasini wala kupelekwa barazani. Mtoto anadaiwa hivyo na wazazi waliomlea. Mdogo anadaiwa na kaka aliyeacha shule ili yeye asome. Deni la namna hii halihesabiki kwa fedha, nalo ni kamba nzuri iwafungayo watu pamoja.

Tena wana desturi ya sanduku. Aliye ng'ambo hununua sanduku kubwa la karatasi ngumu, akalijaza kidogo kidogo muda wa miezi: sabuni, nyama ya kopo, viatu, nguo za watoto. Likijaa hulituma kwao kwa meli. Sanduku hilo huitwa kwa jina la "arudiye katika nchi yake." Lakini tazameni jambo hili: mara nyingi sanduku ndilo lirudilo, na mtu mwenyewe husalia ng'ambo. Tena wako wakopao fedha ili walijaze, maana wanaona haya kutuma dogo, na watu wa nyumbani hawajui ya kuwa wanakula matunda ya deni.

Tumekwenda mpaka Ufilipino ili tujione sisi wenyewe. Zawadi ni kitu cha kukutania. Basi ikiwa zawadi imekuwa sababu ya watu kutokutana, hiyo si zawadi tena. Imekuwa ushuru utozwao mlangoni, na asiye nao hageuki kuingia.

Twatoa mfano mmoja. Tulimjua kijana wa kijiji kimoja cha upande wa Shinyanga aliyekwenda machimbo ya Geita, akakaa huko miaka mitano. Mwaka wa nne baba yake alifariki. Habari ilimfika siku ile ile kwa simu, na safari ni ya siku moja kwa basi. Watu wa nyumbani waliahirisha maziko mpaka kesho yake jioni wakimngoja, asije. Alituma neno kwamba kazi imembana. Alikuja baada ya miezi minane, akiwa na mfuko wa sukari, na blanketi, na kitenge kizuri cha mama. Mama alivipokea kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, akaviweka kando, akasema, "Mwanangu, tulikungoja wewe." Halafu alimchukua kaburini.

Kijana huyo alitueleza baadaye kwamba nauli alikuwa nayo siku ile. Alichokosa ni cha mkononi. Mama yake hakumwogopa. Aliwaogopa watu wa njiani, wale waketio penye maduka na kutazama kila ashukaye garini: amevaa nini, amebeba nini, ameshuka na begi au na mfuko wa rambo. Alijua ya kuwa kabla hajafika kwa marehemu, habari ya umaskini wake ingalikwisha kufika. Basi kijana aliyekubali kushuka shimoni gizani, chini ya mawe yawezayo kuporomoka, hakuthubutu kupita mbele ya macho ya jirani zake mchana.

Wako wengine walio katika hali mbaya zaidi. Wako waliopata ugonjwa wa mapafu kwa sababu ya vumbi la mawe, au waliodhurika kwa moshi wa zebaki ichomwayo kutenganisha dhahabu. Mtu wa namna hii angefaa kurudi upesi kwa ndugu zake, apelekwe hospitali, apate maziwa na mahali pa kulala. Lakini hukaa huko, akikohoa, akisema, "Nikipata kidogo nitakwenda." Hatimaye simu hupigwa na wenzake, na ndugu hukodi gari kwenda kuuchukua mwili. Ndipo watu huchanga fedha nyingi kwa siku mbili, fedha ambazo zingalitosha kumleta akiwa hai na kumtibu. Hapo twauliza: nani aliyemzuia mtu huyu njiani? Hakuna hata mmoja atakayejibu "Ni mimi," na hata hivyo alizuiliwa.

Sasa tusikilize hoja ya upande wa pili, maana hoja hiyo ina nguvu. Mtu atasema, "Mwalimu, mkiwapokea wote sawasawa, mtawalea wavivu. Kijana hupata fedha, akazimaliza kwa pombe na wanawake, akaacha mke na watoto na njaa, kisha arudi tumchinjie kuku? Haya ndiyo humwogopesha mtu ajitahidi. Mkiondoa haya, mmeondoa na bidii."

Twajibu kwamba lazima kupambanua. Wako watu wa namna tatu. Wa kwanza ni yule aliyefanya kazi kwa bidii asipate, kwa kuwa mawe hayakuwa na kitu. Huyu hana kosa lolote. Kumlaumu ni sawa na kumlaumu mkulima kwa sababu mvua haikunyesha, na katika nchi yetu ya Shinyanga, ambayo ukame umeizoea, neno hili halihitaji maelezo. Wa pili ni yule aliyepata akatapanya. Huyu ana kosa, nalo yafaa aelezwe, hasa na mke aliyemwacha na wazee waliomwamini. Wa tatu ni yule aliyepata, tena anacho, lakini amewasahau watu wake kwa makusudi. Huyu kosa lake ni kubwa kuliko wote, na ajabu ni kwamba huyu ndiye tumpokeaye kwa shangwe akishuka garini, kwa sababu amevaa vizuri!

Tena penye mlango hatuwezi kuwapambanua watu hawa watatu. Mikono ya wa kwanza na ya wa pili ni mitupu sawasawa. Kupambanua kwataka muda, na mazungumzo, na kuketi pamoja. Na hayo hayawezekani mtu akiwa bado njiani. Basi utaratibu wa haki ni kumwingiza kwanza, na kuuliza baadaye. Ndivyo alivyofanya yule baba katika mfano wa Bwana wetu wa mwana mpotevu. Mwana alikuwa ametunga hotuba yake ya kuomba kazi ya kibarua, na baba alikuwa amekwisha kumkimbilia kabla hajaimaliza. Angalieni tena kwamba katika habari ile aliyerudi ndiye aliyepewa zawadi: joho, na pete, na viatu. Aliyekaa nyumbani ndiye aliyetoa. Na yule kaka mkubwa, aliyesimama nje akihesabu kilichotapanywa, ndiye aliyebaki nje ya karamu mwisho wa habari.

Tunaye na Naomi katika kitabu cha Ruthu. Alitoka Bethlehemu wakati wa njaa akiwa na mume na wana wawili, akarudi hana mume wala mwana, naye mwenyewe aliwaambia wanawake wa mji ya kuwa amerudishwa mtupu. Kama watu wa Bethlehemu wangalimfungia mlango kwa sababu ya utupu huo, wangalimfungia na Ruthu aliyefuatana naye. Na katika uzao wa Ruthu alitoka mfalme Daudi. Mtu hajui msafiri mtupu amefuatana na nani.

Kuhusu bidii, twasema hivi: haya ya aibu haimfanyi mtu awe na bidii, humfanya ajifiche. Hutokea azime simu, au aseme uongo kuwa mambo ni mazuri, au akope, au aibe mawe ya mwenziwe. Bidii ya kweli hutoka katika upendo wa watu ambao mtu anajua wanamngoja yeye mwenyewe. Ajuaye ya kuwa mlango u wazi hufanya kazi kwa moyo mtulivu, wala hashuki katika duara lililokwisha kupata ufa kwa sababu tu Krismasi imekaribia.

Basi deni la msafiri ni lipi? Analo, wala hatumfutii. Kwanza, anadaiwa habari. Apeleke neno la kweli, la afya na la ugonjwa, la kupata na la kukosa. Pili, anadaiwa ukumbusho; na siku hizi, kwa kuwa fedha hupita katika simu ya mkononi, hata kidogo kwaweza kutumwa: elfu tano kwa ajili ya daftari za mtoto hupita ahadi ya bati za nyumba. Haba na haba hujaza kibaba. Tatu, mwenye mke anadaiwa na mkewe mambo yasiyolipwa kwa fedha; asimfanye mjane hali yeye yu hai. Nne, anadaiwa nafsi yake mwenyewe. Penye ugonjwa na penye msiba, aje.

Na watu wa nyumbani, je, hawadaiwi kitu? Nao wana deni. Wapo wazazi ambao humpigia mwana simu siku ya kuhitaji fedha tu, hata kijana akiona jina la baba yake katika simu moyo humshtuka. Yafaa kumwuliza hali yake kwanza, na siku nyingine kumpigia bila kuomba chochote. Yafaa wenye kuketi penye maduka wampokee mtu mzigo kama anao, na kama hana wampe mkono na pole ya safari. Yafaa wazee wa kanisa wasimwulize aliyerudi sadaka yake ya shukrani kabla ya kumwuliza kama amekula. Na mtu asimtukuze mwana wa jirani mbele ya mwanawe, akisema, "Mwenzako amejenga." Neno hilo limewarudisha wengi shimoni kabla ya wakati.

Liko jambo moja lililotukia mwaka 1550 na kidogo? La, halikutukia zamani hivyo. Ni juzi tu, mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, upande wa Kahama katika mkoa wa Shinyanga. Mwezi wa Oktoba duara liliporomoka, na wachimbaji wakafunikwa chini. Siku zikapita, na majuma, watu wakawahesabu kuwa wafu. Baada ya siku 41 watu watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikwisha kufa humo humo. Walikuwa wameishi kwa kula wadudu na vyura na mizizi, na maji yaliyochuruzika. Waliletwa juu wamekonda mno, hawana nguvu ya kusimama.

Na sasa twauliza swali letu mara ya mwisho. Mikono ya watu wale, walipotoka chini ya nchi, ilikuwa na nini? Haikuwa na kitu. Je, yuko mama duniani ambaye angemwuliza mwanawe pale, "Umeniletea nini?" Hayuko. Kila mtu alifahamu wakati ule ya kuwa kilicholetwa ni mtu mwenyewe, na ya kuwa hakuna zawadi nyingine ya kulinganishwa naye. Basi kama neno hili ni kweli kwa yule aliyekaa chini siku 41, ni kweli vile vile kwa yule aliyekaa machimboni miaka mitano. Tofauti ni kwamba huyu wa pili hatukujua ni mara ngapi mawe yalimkosa kidogo.

Mithali ya wazee basi tuiache pale ilipo, kama habari ya tabia ya dunia. Haulambwi mkono mtupu. Lakini hushikwa, na mkono uliojaa mizigo ndio usioweza kushikwa mpaka utuliwe. Mwezi wa Desemba mabasi ya kutoka Geita na Kahama yatakuja yamejaa. Wengine watashuka na mabegi mawili, wengine hawatashuka na kitu. Tukiwaona hawa wa pili, tusitazame mikono. Tuwasalimu kwa majina yao, tuwaulize afya, na mtoto mmoja atangulie mbio kumwambia mama aongeze unga katika chungu.